Majibu ya Safari: Japani wakati wa theluji, kwa treni na kwa basi

Katika toleo lililopita nilieleza safari yangu ya siku 12 za mwezi Januari, iliyoanzia na kuishia Tokyo: kwa treni hadi Nagano na Kanazawa, kwa basi kuvuka milima hadi kijiji cha Shirakawa-go na mji wa Takayama, kisha kwa treni tena kupitia Nagoya hadi Kyoto, na mwishowe kwa basi la usiku hadi nilikotoka. Barua zilizokuja baada ya hapo ni nyingi kuliko nafasi ya ukurasa huu. Nimechagua zile ambazo jibu lake litamfaa zaidi ya mtu mmoja, na zinazohusu viza nimeziacha kwa makusudi, kwa kuwa Mtanzania anaihitaji na mwenye kauli juu yake ni ubalozi wa Japani hapa Dar es Salaam, si mimi.

Mhariri, habari za kazi. Mimi na mwenzangu tunatarajia kwenda Japani mwezi wa kwanza. Kila ninayemuuliza ananisisitizia ninunue tiketi ya pamoja ya reli, ile ya watalii, kabla sijaondoka Dar. Je, ni lazima? Na mdogo wangu anayesoma Osaka anaweza kuitumia ili tutembee pamoja? — Msomaji, Tabata

Si lazima, ndugu yangu, na kwa njia niliyopita mimi ni kutupa fedha. Wanaokushauri hawakudanganyi; wanakupa ushauri uliokuwa sahihi hadi Septemba 2023. Wakati huo tiketi hiyo, iitwayo Japan Rail Pass, ya siku 7, daraja la kawaida, iliuzwa yeni 29,650, na safari moja tu ya kwenda Kyoto na kurudi Tokyo ilikaribia kuirudisha bei hiyo. Oktoba ya mwaka huohuo ikapanda hadi yeni 50,000, ya siku 14 ikawa 80,000 na ya siku 21 ikawa 100,000, na tangu hapo hesabu imegeuka.

Chukua karatasi tuipige. Tokyo hadi Nagano ni kama yeni 8,300. Nagano hadi Kanazawa kama 9,000. Takayama hadi Nagoya kama 6,100. Nagoya hadi Kyoto kama 5,900. Na hata kama ningerudi Tokyo kwa treni badala ya basi, ni kama 14,000. Jumla haifiki 45,000, na pasi ya siku 7 ingekwisha kabla safari haijaisha. Tena mabasi ya milimani, ambayo ndiyo kiungo cha safari yote, ni ya kampuni binafsi na pasi haiyahusu, na ukitaka kupanda Nozomi, treni ya haraka kuliko zote kati ya Tokyo na Osaka, mwenye pasi huongezwa malipo juu yake. Kwa hiyo nunua tiketi moja moja. Kama una muda wa kuchunguza, tazama pia tiketi za kanda: shirika la reli la taifa liligawanywa mwaka 1987 kuwa kampuni sita za abiria na moja ya mizigo, na kampuni hizo za abiria huuza tiketi za kutembelea maeneo yao kwa bei iliyo chini sana ya pasi ya nchi nzima.

Mdogo wako hawezi kutumia pasi, kwa sababu ni ya mgeni wa muda mfupi aliyegongewa muhuri wa aina hiyo kwenye pasipoti, na mwanafunzi ni mkazi. Lakini mwambie aende ofisi ya chuo chake akaombe cheti cha punguzo la wanafunzi, ambacho kwa safari inayozidi kilomita 100 hupunguza asilimia 20 ya nauli ya msingi. Wanafunzi wengi wa kigeni huhitimu bila kujua kuwa cheti hicho kipo.

Jambo moja dogo kwa wapenda reli, maana najua mpo. Shinkansen, yaani treni za mwendo kasi, zinazotoka Tokyo kwenda Nagano, Kanazawa na Kyoto hukimbia juu ya reli yenye upana wa milimita 1,435, sawasawa na SGR yetu, ilhali njia za kawaida, kama ile inayofuata mito kutoka Takayama hadi Nagoya, zina milimita 1,067, ambao ndio upana wa TAZARA. Aliyewahi kwenda Mbeya kwa TAZARA ataitambua ile namna ya behewa kuyumba kidogo kwenye kona.

Shikamoo. Mwanangu yuko Tokyo na ananiita nikamtembelee Januari, ila mimi nina miaka 63 na hata kipupwe cha hapa mwezi wa saba hunitoa kanga ya pili. Nguo za baridi hiyo nitazipata wapi Dar? — Mama, Kigamboni

Shikamoo mama, maana kwa miaka hiyo wewe ndiwe wa kuamkiwa. Nenda Karume asubuhi mapema. Makoti ya baridi huingia kwenye marobota ya mitumba kwa wingi, na wateja wake wakubwa hapa mjini ni vijana wa bodaboda, wanaoyavaa alfajiri kukinga upepo. Kwa hiyo mashindano yako ni na vijana hao tu, na wao hawatafuti saizi yako. Tafuta koti jepesi lililojazwa manyoya ya ndege, lenye kofia, linalofika chini ya nyonga; usilaghaiwe na uzito, kwa sababu koti zito la sufu likilowa theluji linakuwa mzigo. Viatu usinunue mitumba. Soli iliyochakaa juu ya barafu ni hospitali.

Wastani wa joto la Tokyo mwezi Januari ni kama nyuzi 5, na Takayama usiku hushuka chini ya sifuri karibu kila siku. Hata hivyo baridi utakayoihangaikia ni ya dakika chache kati ya mlango na mlango, kwa sababu ndani ya treni kuna joto kuliko unavyodhani. Kwenye treni nyingi za kawaida kipasha joto kiko chini ya siti, na baada ya nusu saa mashavu ya miguu yanakuwa kama umekaa karibu na jiko la mkaa. Ndiyo maana ninasisitiza uvae nguo nyepesi tatu au nne juu kwa juu, za kuvua na kuvaa, badala ya moja nzito. Madukani, hata yale madogo yanayokesha, utakuta vipakiti viitwavyo kairo: unavifungua, vinapata moto vyenyewe kwa kugusana na hewa, na unavibandika juu ya fulana kiunoni, kamwe si juu ya ngozi. Kimoja hudumu saa nyingi. Beba pia mafuta ya mgando ya kutosha, kwani hewa ya Tokyo wakati huo ni kavu ajabu na midomo ya mtu wa pwani hupasuka siku ya pili.

Juu ya theluji iliyogandamizwa, mama, tembea kwa hatua fupi, unyayo mzima ukigusa chini, kama unavyopita juu ya mawe yenye mwani maji yakiwa yamepwa. Na kama miaka inakutia shaka, ukumbuke Nagano ya mwaka 1998, wakati wa Olimpiki ya majira ya baridi, ambako Mkenya Philip Boit aliteleza kwa ski kilomita 10 na kumaliza wa mwisho, nafasi ya 92, na mshindi wa mbio hizo, Bjørn Dæhlie wa Norwei, akamsubiri mstarini muda wote huo ili amkumbatie.

Nimefundisha jiografia miaka 31. Uliandika kwamba uliondoka Tokyo kwenye jua na anga la buluu, na kabla ya adhuhuri ulikuwa mahali ambako theluji inakifikia kifua cha mtu. Je, hukututilia chumvi? — Mstaafu, Ukonga

Shikamoo Mwalimu. Chumvi sikutia, na naomba unisahihishe nikikosea maelezo yanayofuata, maana hili ndilo jambo lililonishangaza kuliko mahekalu yote ya Kyoto.

Wakati wa baridi bara la Asia hupoa mno, hewa nzito ya Siberia ikasukumwa kutoka humo kuelekea baharini. Sehemu ya hewa ya bara hilo hutujia sisi ikiwa kaskazi, ikiwa imekwisha kupata joto juu ya bahari, na hutuletea joto la Januari. Wenzetu wa Japani huipata ikiwa bado mbichi: inatoka kaskazini-magharibi, inapita juu ya Bahari ya Japani ambayo maji yake yana uvuguvugu kwa sababu ya mkondo wa Tsushima, inanyonya mvuke, kisha inagonga uti wa mgongo wa milima uliopita katikati ya kisiwa cha Honshu. Hapo inalazimika kupanda, na yote iliyoyabeba inayamwaga upande huohuo. Ikivuka, imebaki kavu kabisa. Kwa hiyo upande wa Tokyo watu huanika magodoro na mablanketi kwenye vibaraza, na kwa saa hiyohiyo, ng'ambo ya mlima, watu wako juu ya mapaa na makoleo.

Treni inauvuka mpaka huo waziwazi. Kutoka Tokyo hadi Nagano ni saa moja na nusu hivi. Jua liko nawe uwandani, vilele vyeupe vinaanza kuonekana treni ikipanda kuelekea Karuizawa, na Nagano kwenyewe theluji ni ya kawaida tu. Baada ya Iiyama inaingia handaki lenye urefu wa zaidi ya kilomita 22, ambalo mahandaki ya SGR kule Kilosa ni mafupi sana mbele yake, na ikitoka upande wa pili mchana umebadilika rangi: mbingu ya kijivu, mashamba yamefutika, nyaya za umeme zimevaa nyeupe, na kelele ya magurudumu imepungua kana kwamba mtu ametandika godoro chini ya reli.

Hata hivyo mahali pa theluji ya kifuani sikupapata kwenye Shinkansen. Nilipapata kwenye treni ndogo ya behewa moja inayokwenda polepole kando ya mto kutoka Nagano kuelekea Niigata, njia iitwayo Iiyama. Ukingoni mwa stesheni mojawapo, Morinomiyanohara, kuna nguzo ndefu iliyotiwa alama ya kimo ambacho theluji ilikifikia tarehe 12 Februari 1945: mita 7.85, na hakuna stesheni ya zile kampuni za reli nilizozitaja iliyowahi kupimwa zaidi. Nilipoinua shingo kuitazama alama hiyo, niliona kwamba nyumba ya ghorofa mbili ingezama na bati lake.

Na hapa nikiri kosa langu. Kituo nilichotaka kushuka kilikuwa kidogo, hakina mfanyakazi. Nilisimama mlangoni kwa adabu, begi mgongoni, nikisubiri mlango ufunguke kama milango ya treni inavyofunguka Tokyo. Haukufunguka. Treni ikang'oka, na mzee mmoja aliyekuwa amekaa nyuma yangu akaonesha kwa kidole kitufe kilichokuwa usawa wa kiwiko changu, kikiwaka taa muda wote huo. Kwenye mikoa ya baridi mlango haufunguki wenyewe, ili joto lisitoke. Anayeshuka ndiye anayebonyeza, na akishapita anabonyeza tena kuufunga. Nikashuka kituo kilichofuata, na treni ya kunirudisha ikachukua zaidi ya saa moja kuja. Nikakaa kwenye chumba cha kusubiria, peke yangu na hita ya mafuta ya taa, nikihesabu vipande vya theluji vikidondoka kutoka kwenye paa. Nimesema milango ya vijijini, Mwalimu, lakini somo hili limenifuata mpaka nyumbani: siku hizi hata lifti za Posta naziangalia mara mbili.

Kuhusu ratiba, theluji haiyumbishi reli zote sawa. Njia zilizojengwa kwa ajili yake, kama hiyo ya Nagano na Kanazawa, huhimili vizuri. Ajabu ni kwamba inayosumbuka ni ile kongwe, ya Tokyo hadi Osaka, iliyofunguliwa tarehe 1 Oktoba 1964 kabla tu ya Olimpiki ya Tokyo: theluji ikianguka eneo la Sekigahara na Maibara, kati ya Nagoya na Kyoto, maji hunyunyizwa relini na treni hupunguza mwendo, ikachelewa dakika kadhaa. Barabarani nako hutumia maji. Katika mji wa Nagaoka mkoani Niigata, mabomba yaliyofukiwa katikati ya lami hutema maji ya ardhini, yaliyo vuguvugu kuliko hewa ya nje, yakayeyusha theluji inapotua. Na kwa kuwa maji hayo yana chuma, barabara zimegeuka rangi ya bati lililoliwa na kutu.

Mimi ni mtu wa mabasi, treni sina mazoea nazo. Nasikia basi za kule hazina konda. Nauli analipwa nani, na milimani si hatari wakati wa theluji? — Mfanyabiashara, Kariakoo

Konda hayupo, na kazi yake imegawanywa kati ya dereva, kisanduku na dhamiri yako. Mabasi mengi ya mikoani unapanda kwa mlango wa nyuma au wa kati. Mlangoni kuna kimashine kinachotoa kikaratasi chenye namba ya kituo ulichopandia, kichukue, usikidharau. Mbele, juu ya dereva, kuna ubao wa taa wenye namba zote na nauli ya kila namba, na nauli hizo hupanda basi linavyosonga. Ukikaribia kushuka unabonyeza kengele, unasubiri basi lisimame kabisa ndipo uinuke (ukiinuka mapema, kama tulivyozoea kuwahi mlango kabla ya kituo, dereva atakuomba kwa kipaza sauti ukae), unatazama nauli iliyo chini ya namba yako, na unatumbukiza kikaratasi pamoja na sarafu kamili kwenye kisanduku. Kisanduku hakirudishi chenji ya nauli, ila pembeni yake kuna tundu la kuchenji linalopokea noti ya yeni 1,000. Noti ya 10,000 itawaaibisha wewe na dereva wote wawili. Mabasi ya mji wa Kyoto ni rahisi zaidi, kwani nauli ni moja, yeni 230 kwa sehemu kubwa ya mji, na mijini kadi za kulipia za reli kama Suica au ICOCA hukubaliwa. Milimani usizitegemee, beba sarafu.

Mabasi marefu ya kutoka Kanazawa kwenda Shirakawa-go na kuendelea hadi Takayama ni kama haya yetu ya mikoani: siti zina namba, mabegi yanaingia tumboni mwa basi, na unaweka nafasi mapema, kwa sababu Januari na Februari hujaa. Kutoka Kanazawa hadi kijijini ni saa moja na robo hivi, kisha dakika 50 hadi Takayama, na sehemu kubwa ya njia ni barabara kuu yenye mahandaki, mojawapo likiwa na kilomita zaidi ya 10. Matairi ni ya majira ya baridi, na madereva hawana haraka. Hatari ni ndogo. Usumbufu ndio mkubwa, kwani barabara ikifungwa basi haliondoki na hakuna wa kumbembeleza. Kwa hiyo usipange kuvuka milima siku moja kabla ya ndege yako. Zipo pia njia zisizopitika kabisa: ile maarufu ya Tateyama hadi Kurobe hufungwa karibu Desemba hadi katikati ya Aprili, na kila mwaka yupo anayeipangia Januari.

Shirakawa-go kwenyewe nikueleze kwa kirefu kidogo, maana ndiyo sababu ya mimi kulitetea basi. Reli haifiki huko. Nyumba za mtaa wa Ogimachi zina mapaa ya nyasi yaliyosimama kwa mwinuko wa nyuzi 60 hivi, na namna hiyo ya ujenzi huitwa gassho, yaani viganja viwili vilivyokutanishwa kuomba. Mwinuko huo ni wa kuiporomosha theluji kabla haijalivunja paa. Boriti za paa zimefungwa kwa kamba na fito, bila misumari, na darini walikuwa wakifuga viwavi vya hariri. UNESCO ilikiorodhesha kijiji hicho, pamoja na vile vya jirani yake Gokayama, mwaka 1995. Sisi wa makuti tunajua paa la majani linavyodai matunzo. La kwao hukaa miaka 30 na zaidi, lakini siku ya kulibadilisha hakuna kaya inayoweza peke yake, hivyo kijiji kizima hupanda juu ya paa moja, na mwaka mwingine juu ya la jirani, bila kulipana. Wao huuita utaratibu huo yui. Mpare angeuita msaragambo bila kusita. Nilipokuwa pale nilimwona bibi mmoja akifagia theluji mbele ya mlango wa nyumba isiyokuwa yake, akamaliza, akaweka fagio pembeni, akarudi kwake. Hakuna aliyetoka kumshukuru na hakuonekana kusubiri.

Usiku ambao taa huwashwa kijijini, siku chache za Januari na Februari, hauingii bila nafasi uliyoiweka mapema. Mchana unatosha.

Kuhusu basi la usiku, Kyoto hadi Tokyo ni kama saa nane, na nauli huwa chini sana ya treni. Taa huzimwa, mapazia hufungwa, na hakuna anayepiga simu. Basi husimama kwenye vituo vya mapumziko vyenye vyoo safi, kwa hiyo habari ya kuchimba dawa haipo. Tahadhari yangu ni moja: kabla hujashuka, piga picha namba ya basi lako. Saa nane za usiku, theluji ikidondoka, mabasi 20 yaliyopangwa mstari mmoja hufanana kama mapacha.

Assalaam alaykum. Sisi ni familia ya watu wanne. Tutakula nini njiani, na tutasali wapi? Na hayo mabwawa ya maji moto, tunayaweza? — Baba, Magomeni

Waalaykum salaam. Chakula kinawezekana, ila kinataka kuuliza. Kinachowaponza wengi ni mchuzi: tambi za ramen mara nyingi hupikwa kwa supu ya mifupa ya nguruwe hata kama juu yake hamna kipande cha nyama, na mvinyo wa mchele hutiwa kwenye vyakula vingi bila kutajwa. Samaki wa kuchoma na wali, mayai, na matonge ya wali yaliyofungwa kwa mwani, yanayouzwa kwenye maduka madogo kila kona, ndivyo vilivyonibeba mimi, na hata hapo niliwaonesha wauzaji karatasi iliyoandikwa kwa Kijapani kwamba sili nguruwe wala kileo. Stesheni kubwa huuza vyakula vya boksi vya kula ndani ya treni, na kwenye Shinkansen kula ni ruhusa kabisa. Ukipita upande wa Toyama kuna lile la samaki aliyelazwa juu ya wali na kufunikwa kwa majani ya mianzi, ingawa mnaojihadhari sana muulize kwanza kilichotiwa kwenye siki yake.

Mchana ni mfupi mno. Mwanzoni mwa Januari jua la Tokyo huzama kabla ya saa kumi na moja jioni, na alasiri huingia saa nane na kitu, kwa hiyo mtu anayesubiri afike hotelini hukuta sala mbili zimempita. Tuliosafiri tunajua ruhusa ya kukusanya na kupunguza, itumieni. Tokyo kuna msikiti mkubwa uliojengwa upya kwa mtindo wa Kituruki na kufunguliwa mwaka 2000, eneo la Yoyogi-Uehara. Mkiwa Kyoto siku ya Ijumaa, pandeni treni ya kawaida ya haraka hadi Sannomiya, chini ya saa moja, mkasali msikiti wa Kobe, uliojengwa mwaka 1935, wa kwanza nchini humo, na ambao ulisimama baada ya mabomu ya vita na baada ya tetemeko la mwaka 1995 lililobomoa majengo mengi mjini humo.

Mabwawa ya maji moto huogewa uchi, wanaume kwao na wanawake kwao, baada ya kujisafisha kwanza ukiwa umekaa kwenye kigoda. Wasioliweza hilo waulize bafu la kukodi la familia. Nyumba nyingi za wageni zinalo, unafunga mlango, na theluji unaiona dirishani.

Tuna maboksi makubwa mawili. Tutapanda nayo vipi? — Wanandoa, Mbezi Beach

Msipande nayo. Njia ya Tokyo hadi Kyoto na kuendelea inataka begi ambalo urefu, upana na kimo vikijumlishwa vinazidi sentimita 160 liwekewe siti maalumu ya nyuma, bila malipo ukiomba mapema, kwa yeni 1,000 usipoomba. Lakini dawa hasa ni huduma ya kusafirisha mizigo hadi mlangoni, takuhaibin, iliyoanzishwa mwaka 1976 na Yamato, ile yenye nembo ya paka mweusi, ambayo siku ya kwanza ilipokea vifurushi 11 tu. Mnaacha maboksi mapokezi ya hoteli ya Tokyo, mnayakuta Kyoto, nanyi mnavuka milima na begi la mgongoni. Wakati wa theluji wapeni siku moja ya ziada. Na humo ndani msisahau kiunganishi cha umeme: soketi za Japani ni za pini mbili bapa na volti 100, chaja zetu za pini tatu haziingii.

Mmeuliza pia kama muongeze Sapporo, mji wa kisiwa cha kaskazini. Kwa siku 12, hapana. Kutoka Tokyo ni saa nne hadi stesheni ya Shin-Hakodate-Hokuto, kupitia handaki la Seikan lenye kilomita 53.85 chini ya mlango-bahari, ambalo wazo lake lilipata nguvu baada ya kivuko cha Toya Maru kuzama mwaka 1954 na zaidi ya watu 1,100. Kisha ni saa tatu na nusu nyingine. Kama mnachokitaka ni tamasha la sanamu za theluji la Februari, lililoanzishwa na wanafunzi mwaka 1950 kwa sanamu sita, basi nendeni huko tu na muiache milima ya kati. Hapo ndipo pasi ya yeni 50,000 niliyomkataza ndugu wa Tabata inapoanza kulipa.

Tiketi niliyonunua imeandikwa 13:05. Hiyo ni saa saba au saa moja? Na nyumbani niwapigie saa ngapi? — Kijana, Sinza

Ni saa saba na dakika tano mchana, mwanangu, na treni itaondoka dakika hiyo, si ile inayofuata. Ratiba zao zote ni za saa 24.

La pili lina siri nzuri. Japani iko mbele yetu kwa saa sita, na sisi tunapotaja saa kwa Kiswahili tunapishana na saa ya ukutani kwa saa sita zilezile. Kwa hiyo mshale wa saa ya Kijapani unaonesha hasa tunavyotamka saa Dar: stesheni ya Tokyo ikisoma tatu alasiri, kwa mama yako ni saa tatu asubuhi, ikisoma tisa usiku wa mapema, kwao ni saa tisa alasiri. Niliporudi nilisahau kuigeuza saa yangu ya mkononi. Ilikuwa inasoma nane na dakika arobaini na tano nilipomuuliza dereva wa teksi nje ya uwanja wa ndege, naye akatazama simu yake na kunijibu kuwa ni saa tisa kasoro robo.